Nyumba ya Vitabu si Anasa

Ndugu Wanachama,

Huenda mkashangaa kuona katika gazeti letu jina la Wasso, mji wa Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, mbali na bahari na mbali na mikarafuu. Lakini khabari za watu wa kule zatuhusu, na nitaeleza kwa nini.

Wasso yajulikana kwa hospitali yake, iliyoanzishwa miaka ya 1960 na Padri Herbert Watschinger, daktari kutoka Austria. Wamasai na Wasonjo huijia kwa mwendo mrefu, mama na mtoto mgongoni, akangoja zamu yake. Wala hao si watu wasio na elimu. Wamasai wana utaratibu wao wa marika. Wasonjo wana mifereji ya kumwagilia mashamba, na wazee wao, wenamiji, ndio wasimamizi wa maji. Robert Gray alitoa kitabu juu ya Wasonjo mwaka 1963, na Tepilit Ole Saitoti, Mmasai wa pande za Ngorongoro, akatoa khabari za maisha yake mwaka 1986. Lakini vyote viwili ni vya Kiingereza, na vilipigwa chapa ng'ambo. Mjukuu wa mzee aliyesimulia atavisoma wapi? Tena tangu 2022 jamaa nyingi za Ngorongoro zimehamia Msomera, Handeni. Wazee wakitawanyika, khabari zao hutawanyika nao.

Kwa hiyo naona yafaa lijengwe Wasso jumba moja, karibu na hospitali: vitabu vya Kiswahili na vya lugha za wenyeji, baraza ya wazee kusimulia na kuandikiwa, na chumba cha akina mama kwa mashauri ya uzazi, vyeti vya watoto na matatizo ya nyumbani. Maktaba peke yake hukaa tupu. Watu huenda penye haja zao. Wala jumba hilo lisijengwe kwa ramani ya mgeni tu. Wazee na akina mama waulizwe kwanza.

Sasa tujitazame sisi. Tufani ya 1872 iliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikasalimika. Ndiyo sababu karafuu nyingi hutoka Pemba. Watoto wetu wangapi wayajua hayo? Nyimbo za wachumaji ziko katika daftari la nani? Beit el Ajaib, jumba letu la makumbusho, liliporomoka sehemu yake Disemba 2020. Vitu vya kale havijilindi. Na kila msimu ukifika, twawaona watoto walioacha skuli wakiokota karafuu chini ya miti, nasi twanyamaza.

Wapo wasemao akiba ya Chama igawiwe yote. Nawaheshimu, maana kila mtu ana dhiki zake. Lakini fedha ya kugawana huisha kabla ya msimu wa pili. Napendekeza sehemu yake ijenge chumba kimoja karibu na kituo cha kununulia karafuu, pale tukaapo saa nyingi na magunia yetu tukingoja mzani: vitabu upande mmoja, mkunga na mshauri wa jamaa upande wa pili, na karani wa kuandika maneno ya wazee.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila khabari. Nawaomba tulijadili jambo hili katika mkutano mkuu ujao.

Mwanachama mwenzenu,
Pemba