Watu wa Frere Town si Wageni

Ukipanda matatu kutoka mjini Mombasa, ukavuka daraja la Nyali, utamsikia makanga akiita, "Kengeleni! Kengeleni!" Abiria huteremka pale kila siku wakakimbilia shughuli zao, wala wengi hawainui macho. Kumbe kengele yenyewe ipo. Imetundikwa kwenye mnara wake wa mawe pale pale njia panda. Ni kengele ya Frere Town, na watu wake ndio tunaotaka kuwataja leo, maana hata sasa wajukuu zao huulizwa swali moja linalowachoma: "Sawa, lakini kwenu hasa ni wapi?"

Historia za wahamiaji tumezoea kuzisikia za watu waliofunga mizigo kwa hiari. Tuwatazame Wagiriki walioingia Tanganyika tangu enzi ya Wajerumani. Walikuja kwa kazi ya reli, kisha wakalima mkonge huko Tanga na kahawa pande za Kilimanjaro. Walikuwa na lugha yao, na kanisa lao la Kiothodoksi wakalijenga Arusha. Mgiriki wa Moshi alijua katoka kisiwa gani, na mambo yakimharibikia alijua pa kurudi.

Watu wa Frere Town hawakuwa na pa kurudi. Mwaka 1873 Sir Bartle Frere alitumwa Unguja kumtaka Sultani Barghash akomeshe biashara ya watumwa. Tarehe 5 Juni mwaka huo Sultani akatia sahihi mkataba, na soko la watumwa likafungwa. Lakini majahazi hayakuacha kupita kwa siri, na manowari za Kiingereza zikawa zinayakamata. Ndipo likazuka swali: hawa watu wanaotolewa humo wapelekwe wapi? Vijiji vyao vimechomwa, njia ya bara ni ya miezi, na wengine walikamatwa wangali watoto, hata jina la nchi yao hawalijui. Misheni ya CMS ikamtuma mchungaji William Salter Price, na mwaka 1875 makao yakaanza huku Kisauni, yakapewa jina la huyo Frere.

Price hakuanza peke yake. Walikuwapo Waafrika waliookolewa baharini miaka ya nyuma, wakapelekwa Bara Hindi, wakalelewa na kufundishwa kazi za mikono huko Nasik, karibu na Bombay. William Jones na Ishmael Semler walikwisha kurudi pwani tangu miaka ya 1860, na mwaka 1885 Askofu Hannington akawapa ushemasi wote wawili. Mwaka huo huo Hannington aliuawa Busoga, na Jones ndiye aliyewaongoza wapagazi waliosalia mpaka Rabai. Mwingine wa kundi la Nasik ni Matthew Wellington, mmojawapo wa waliosindikiza maiti ya Livingstone hadi pwani. Kwao Uyao aliitwa Chengwimbe. Alifariki Mombasa mwaka 1935 kwa jina la Kiingereza.

Hapo ndipo penye uchungu. Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo walitupwa mahali pamoja, kila mmoja na lugha yake, wakabatizwa majina ambayo baba zao wasingeweza kuyatamka. Kiswahili kikawa lugha yao ya nyumbani, si ya sokoni tu. Wapo waliowacheka kwa hilo, wakawaona hawana kabila. Sisi twauliza: Mswahili wa kale alipatikanaje, kama si kwa watu wa asili mbalimbali kukaa pwani moja na kusema lugha moja?

Wala tusiwapambe wamisheni kupita kiasi. Uhuru wa Frere Town ulikuwa na kiboko ndani yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 adhabu zilizotolewa pale zilikuwa kali hata balozi wa Uingereza Unguja akaingilia. Ng'ambo ya pili, mabwana wa Mombasa walikasirika kwa watumwa wao kutorokea misheni, wakatishia kuvamia. Kengele ile haikuwa ya sala tu. Wazee husimulia kwamba ilipigwa pia kuonya hatari. Ugomvi wa watoro ulitulia kidogo ilipofika mwaka 1889, Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza alipowalipa mabwana fidia kwa watoro zaidi ya 1,400, wengi wao wa Rabai. Utumwa wenyewe haukufutwa kwa sheria hapa kwetu mpaka mwaka 1907.

Watu hao waliotua mikono mitupu wametuachia nini? Mwaka 1934 James Mbotela, mtoto wa mateka wa Kiyao aliyeletwa Frere Town, alitoa kitabu chake "Uhuru wa Watumwa", kilichosomwa shuleni Afrika Mashariki nzima. Katika ukoo huo huo, hapo hapo Frere Town, alizaliwa mwaka 1940 Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025. Kwa miaka na miaka aliwauliza Wakenya redioni, "Je, huu ni ungwana?" Wapwani twajua kwamba mwungwana, kwa maana yake ya kale, ni yule asiye mtumwa. Basi aliyetufundisha sote ungwana alikuwa mjukuu wa watumwa, na sijui ni wangapi kati yetu waliosita kulifikiria hilo walipokuwa wakicheka na kunywa chai.

Watu wa namna hii si wageni Mombasa. Tunaomba mambo mawili, wala hayana gharama kubwa. Pale kengeleni pawekwe maelezo kwa Kiswahili kinachosomeka na mpita njia, yaeleze kengele ni ya nani na iliitwa kwa nini. Na vijana wa Frere Town wachukue madaftari, wakakae na bibi na babu zao, waandike kila jina la asili linalokumbukwa, kama lile la Chengwimbe, pamoja na nchi lilikotoka. Wazee wanaoyajua majina hayo wamebaki wachache, na kila msiba unaolia Kisauni huondoka na mengine.