Kenya: Hadhi ya duka kubwa na anayeilipia

Mnunuzi anayezunguka katika maduka makubwa ya Nairobi hutambua upesi kwamba si kila duka lililojengwa kwa ajili yake. Chandarana Foodplus huwafuata wenye uwezo kwa bidhaa nyingi kutoka ng'ambo. Naivas na Quickmart huwalenga zaidi wananchi wa kipato cha kati, karibu na makazi na vituo vya mabasi. Carrefour, inayoendeshwa na kampuni ya Majid Al Futtaim ya Dubai, hukaa katika majengo ya kifahari, lakini hutangaza bei nafuu.

Mpangilio huo umetokana kwa kiasi kikubwa na anguko la Nakumatt. Kampuni hiyo, iliyotokana na biashara ya magodoro mjini Nakuru, ilifikia kuuza kila kitu, kuanzia mkate hadi makochi na televisheni, na baadhi ya matawi yake hayakufungwa usiku wala mchana. Iliingia Rwanda mwaka 2008, Uganda mwaka 2009, kisha Tanzania. Kwa tabaka la kati lililokuwa likikua, mfuko wenye nembo ya tembo ulikuwa ishara ya kufanikiwa.

Hata hivyo, hadhi hiyo ilikuwa na gharama. Matawi yalizidi 60, kodi za pango zilikuwa kubwa, na bidhaa zilichukuliwa kwa mkopo. Malipo yalipochelewa, wasambazaji walisitisha huduma na rafu zikabaki tupu. Mteja aliyezoea kupata kila kitu alihamia kwingine. Januari 2018 Nakumatt iliwekwa chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ivunjwe. Wafanyakazi walipoteza kazi, na wasambazaji wakabaki na madeni yasiyolipwa.

Nafasi hiyo ilichukuliwa na walioahidi bei kabla ya ufahari. Carrefour, iliyofungua duka lake la kwanza nchini humo mtaani Karen mwaka 2016, iliingia katika baadhi ya majengo iliyoyaacha Nakumatt. Naivas, iliyoanza kama biashara ya kifamilia eneo la Nakuru, ilinunua matawi sita ya mwisho.

Lakini bei nafuu nayo ina mlipaji wake. Desemba 2023 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliitoza kampuni inayoendesha Carrefour faini ya shilingi bilioni 1.1, ikisema ilitumia vibaya nguvu yake ya ununuzi dhidi ya wasambazaji wawili, mmoja wao mfanyabiashara wa asali. Kampuni hiyo ilipinga uamuzi huo.

Kwa wazalishaji wa Kigali, Kampala au Bujumbura wanaotamani kuona bidhaa zao kwenye rafu za maduka hayo, funzo ni moja. Jina la duka huvuta wateja, lakini mkataba ndio unaoeleza mzalishaji atalipwa baada ya siku ngapi, na nani atabeba hasara bei inaposhushwa.