Daktari wa Uhandisi Atahiniwe Pia kwa Kiswahili

Wapo wenzetu watakaouliza, mara watakapoliona jina la makala haya, walimu wa lugha wanatafuta nini katika mitihani ya wahandisi. Swali hilo tumekwisha kuulizwa, tena kwa kicheko. Jibu letu ni kwamba mtihani wa udaktari katika uhandisi ni mtihani wa lugha pia, ijapokuwa hakuna auitaye hivyo. Hapa Lubumbashi mtahiniwa hupita masomo ya uzamili, huandika tasnifu, kisha husimama mbele ya jopo la maprofesa na hadhara ili aitetee. Hatua zote hizo ni za Kifaransa. Asiyekimudu hafiki popote, hata awe na akili ya namna gani. Na akimudaye hatakiwi kuonyesha kwamba anajua lugha nyingine yoyote ya nchi yake.

Miaka kadhaa iliyopita tulihudhuria utetezi mmoja wa namna hiyo, katika chuo ambacho hatutakitaja. Mtahiniwa alizungumzia jinsi kuta za shimo la mgodi zinavyoporomoka majira ya mvua. Jopo liliridhika, makofi yakapigwa. Mlangoni tulimkuta baba yake, mzee aliyefanya kazi mgodini tangu ujana wake, amevaa suti yake ya sherehe. Akatushika mkono akasema: "Mwalimu, asante kwa kuja. Sasa unieleze, mtoto wangu amesema nini mule ndani?" Pengine ndiye mtu pekee katika ukumbi ule aliyepata kuona ukuta wa shimo ukimwangukia mwenzake, naye hakuambulia neno. Tulimjibu tulivyoweza, na hatukuweza sana.

Tukumbuke kwamba Kiswahili si mgeni migodini. Wafanyakazi walioletwa Katanga kutoka Kasai, Rwanda-Urundi na Rhodesia ya Kaskazini katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita walikifanya kuwa lugha yao ya kazi, na watoto wao wakazaliwa nacho. Katiba ya mwaka 2006 inakitambua kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa. Basi mhandisi anayehitimu leo atatoa amri, atasikiliza malalamiko na atatahadharisha watu juu ya hatari kwa Kiswahili. Lugha hiyo ndiyo ambayo hakutahiniwa nayo hata dakika moja.

Tutaambiwa kwamba ndivyo elimu ya juu ilivyo duniani. Sivyo. Mwaka 1899 Kaisari Wilhelm wa Pili alivipa vyuo vya ufundi vya Prussia haki ya kutoa udaktari wa uhandisi. Vyuo vikuu vya kale vilinung'unika. Vilionaje mafundi wakae kiti kimoja na wanazuoni! Ikaamuliwa kwamba cheo kipya kiandikwe kwa Kijerumani, Dr.-Ing., na kistari chake katikati, kisije kikachanganywa na udaktari wa Kilatini. Tasnifu nayo ilitakiwa iandikwe kwa Kijerumani. Jambo lililokusudiwa kuwa alama ya unyonge likageuka fahari, na hadi leo wahandisi wa Ujerumani hukiandika cheo hicho na kistari chake.

Na Wabelgiji, waliotuletea mfumo huu? Wao kwa wao waligombana miaka mingi kuhusu lugha ya chuo kikuu. Chuo cha Ghent, kilichomo katika nchi ya Waflemi, hakikuwa cha Kiholanzi hadi mwaka 1930, na chuo cha Leuven kiligawanyika kwa sababu ya lugha mwaka 1968. Wakati chuo kikuu cha kwanza kilipofunguliwa hapa mjini katikati ya miaka ya 1950, Wabelgiji walijua vizuri sana maana ya mtu kutahiniwa kwa lugha isiyo ya kwao. Somo hilo hawakulipakia melini.

Hatusemi Kifaransa kifukuzwe. Tasnifu ni lazima isomwe na wataalamu wa mbali, na hoja hiyo tunaikubali. Lakini hata Sweden, ambako tasnifu nyingi za uhandisi siku hizi huandikwa kwa Kiingereza, muhtasari wa Kiswidi mara nyingi huambatanishwa. Wengine hudai kwamba Kiswahili hakina istilahi. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilichapishwa Dar es Salaam mwaka 1990. Anayedai hivyo tunamwomba kwanza aifungue. Isitoshe, wachimbaji wenyewe wana maneno yao ya kila chombo na kila hatari, nao hawakungoja kamati.

Hapa, hata hivyo, lawama nyingine ni yetu sisi walimu. Mara ngapi tumempigia mwanafunzi mstari mwekundu kwa kuandika mukuba badala ya shaba? Tumemfundisha kwamba Kiswahili cha baba yake ni makosa, kisha tunashangaa akikimbilia Kifaransa. Sanifu na ifundishwe, lakini kalamu nyekundu iwekwe chini kidogo neno linapotoka mgodini.

Tunachodai ni kidogo. Kila tasnifu ya udaktari wa uhandisi iambatane na muhtasari wa Kiswahili wa kurasa kumi, wala usiwe tafsiri ya mashine iliyobandikwa usiku wa mwisho. Siku ya utetezi, swali moja liulizwe kwa Kiswahili na mtu wa kazi hiyo hiyo asiye profesa, nalo lijibiwe kwa Kiswahili. Asiyeweza kulijibu arudi baada ya miezi mitatu, kama anavyorudishwa aliyekosea hesabu zake.

Muhtasari wa kwanza utakapoandikwa, walimu wa chama chetu tuko tayari kuusoma bila malipo. Nasi tutamtafuta yule mzee, kama bado yu hai, aje akae kiti cha mbele aulize swali.