Mali Bila Daftari Hupotea Bila Habari

Hakuna kinachonikera siku hizi kama kumwona kijana aliyepata A ya Hisabati akikopa laki moja kwenye simu bila kuuliza atarudisha ngapi. Kanuni ya riba aliikariri, akaiandika kwenye mtihani, akapewa vema zake. Leo anabonyeza "Kubali" kabla hajausoma mstari wa pili wa masharti. Huyu tumemsomesha, au tumempitisha shuleni tu?

Sina haja ya kumweleza mtu kwamba deni ni mzigo na ubadhirifu ni dhambi. Mwislamu anajua kwamba aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni. Mkristo anajua mwana mpotevu aliishia wapi: machungani kwa nguruwe, akikitamani chakula chao. Wazee wetu nao walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Basi mambo haya yanayohubiriwa msikitini, kanisani na barazani, kwa nini darasani yapite kama upepo?

Mtaniambia kuwa somo lipo. Ni kweli. Mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024 umewaletea watoto wa kidato cha kwanza somo la Elimu ya Biashara, na waliolileta wanastahili pongezi zetu. Lakini ingieni darasani mwone linavyofundishwa. "Bajeti ni nini? Taja faida tano za kuweka akiba." Mwalimu anaandika ubaoni, watoto wananakili, kengele inalia. Mtoto anazitaja faida zote tano bila kukosea, kisha anatoka nje na kuimaliza nauli yake ya jioni kwa sambusa na barafu. Fedha haifundishwi kwa imla! Fedha hufundishwa kwa kubishana na kwa kupewa kazi.

Mwalimu na auandike ubaoni mkopo wa mtaani, ule tunaouita kausha damu. Mama lishe anaomba 100,000. Anakatwa 10,000 ya fomu, anaondoka na 90,000. Kila jioni anapitiwa na mkusanyaji, anatoa 4,000, kwa siku 30. Mwalimu asiongeze neno; awaache watoto wapige hesabu. Watakuta mama huyo amelipa 120,000 kwa 90,000 aliyoishika mkononi: 30,000 za ziada, theluthi nzima ya alichopokea, ndani ya mwezi mmoja. Hapo atazuka mmoja wa dawati la nyuma aseme, "Mwalimu, mbona alianza kulipa kesho yake tu? Hizo 90,000 hakukaa nazo mwezi mzima!" Huyo ndiye aliyeielewa riba, na wenzake wataielewa zaidi kutoka kinywani mwake kuliko kutoka kitabuni.

Kisha waambiwe kwamba mkopeshaji wa huduma ndogo za fedha mwenye leseni ya Benki Kuu amewekewa ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Wajadili: kwa nini basi mama huyu alikimbilia kausha damu? Alikosa dhamana? Alibanwa na ada ya mtoto? Au hakujua kama kuna mlango mwingine? Na kikundi cha VICOBA cha mtaani kwao kingemfaa vipi? Wabishane mpaka kengele iwakute bado wanabishana.

Kazi ya nyumbani nayo iwe daftari. Kwa wiki mbili mtoto aandike kila shilingi inayoingia mkononi mwake na kila inayotoka: nauli, vitafunio, vocha, mchango wa rafiki. Mwisho ajumlishe, aandike nusu ukurasa: kipi kilikuwa cha lazima, kipi kilikuwa tamaa. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na mtoto akiuona mchovyo wake kwa mwandiko wake mwenyewe hahitaji kiboko. Ila, walimu wangu, nawasihi: daftari hilo msilisome mbele ya wenzake, wala msimwulize mtoto mshahara wa baba yake. Mtoto wa mlinzi asiaibishwe mbele ya mtoto wa mwenye maduka. Kwa mjadala wa darasa tumieni familia ya kubuni na kipato cha kubuni. Nyinyi mna busara hiyo, na ndiyo maana taifa limewakabidhi watoto wake.

Tusipofanya hivyo, matokeo tunayaona. Chuoni bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, likitoka, wiki mbili za kwanza ni chipsi kuku na viatu vipya; muhula ukielekea ukingoni ni kupiga pasi ndefu na kuazimana hela ya chai. Wengine bumu lote wanalitandika kwenye mkeka wa kubeti, mkeka unachanika. Tena ni wangapi wanaokumbuka kwamba wakishaajiriwa Bodi ya Mikopo itawakata asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe? Na wakubwa wao je? DECI, ule mchezo wa kupanda na kuvuna fedha, ilipozimwa mwaka 2009, kati ya waliolia kwa mbegu walizopanda bila kuvuna walikuwamo hata wenye vyeti vyao ukutani. Novemba 2024 Benki Kuu ikatangaza orodha ya programu 69 za kukopesha mtandaoni zisizo na leseni. Walaghai hawatakwisha, wajinga tu ndio tunaoweza kuwapunguza.

Na hapa, wazazi wenzangu, siwezi kunyamaza juu ya haya mahafali ya chekechea. Mtoto wa miaka sita anavalishwa joho! Keki, mpiga picha, muziki, na kundi la WhatsApp la michango ambako asiyetoa anatajwa jina. Januari inapofika, mzazi yuleyule anazunguka kwa majirani kuomba hela ya madaftari. Tunamhitimisha nani, na kahitimu nini? Mtoto haangalii midomo yetu, anaangalia mikono yetu. Akituona tunakopa ili tupendeze, mwalimu hata awe hodari vipi atakuwa anatwanga maji kwenye kinu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Nasema haya kwa kuwa nawajua Watanzania. Mama zetu wasioijua hata herufi moja walitunza kibubu, wakacheza upatu kwa uaminifu bila karani wala hakimu, wakatusomesha. Akili hiyo tunayo katika damu. Kinachokosekana ni kuiingiza darasani.

Wakuu wa shule, tengeni kipindi kimoja tu kwa wiki cha mjadala wa fedha. Mwalikeni mweka hazina wa SACCOS ya jirani aje na leja yake, watoto wamhoji. Walimu, acheni imla. Wazazi, mtoto akija na daftari la matumizi msimfiche hesabu za nyumbani. Mwambieni umeme ni shilingi ngapi na unga ni shilingi ngapi. Anayeujua uzito wa shilingi ya babaye haichezei. Mwenyezi Mungu atujalie kuwahi, kwani udongo uwahi ungali maji.