Theluji si barafu

Wapo walimu wenzetu wa Kiswahili wanaoshikilia kwamba theluji na barafu ni visawe, na kwamba kumsumbua mwanafunzi wa Kenya kwa tofauti hiyo ni kumpotezea wakati. Siafikiani nao hata kidogo.

Mnamo Januari 2019 nilikuwa Bayreuth, Ujerumani, mji ambao chuo kikuu chake hufundisha Kiswahili. Jumamosi moja wenyeji wangu walinichukua tukashinde kutwa kwenye mlima Ochsenkopf, wenye kimo cha mita 1,024, mahali watu wanapokwenda kuteleza kwa skii. (Jirani yake mwenye mita 1,051 huitwa Schneeberg, yaani Mlima wa Theluji.) Tulipandishwa kwa viti vinavyoning'inia kwenye waya, huku chini yetu watoto wadogo wakiteremka kwa kasi ya kutisha, wala hawaogopi.

Kilichonivutia zaidi ni kile walichokikanyaga. Asubuhi kilikuwa laini mithili ya unga, mguu ukizama hadi kwenye kifundo. Kufikia alasiri, pale palipopitiwa na wengi palikuwa pameshindiliwa, pakaganda na kung'aa kama kioo, na hata mabingwa wakapunguza mwendo. Ile ya asubuhi ni theluji. Hii ya alasiri ni barafu. Azichanganyaye huko huvunjika mguu.

Sasa tutazame maneno yenyewe. "Theluji" tulilipata kwa Waarabu, ambao kwao thalj yaweza kuwa theluji au barafu. "Barafu" asili yake ni Kiajemi, na ajabu ni kwamba kwa Waajemi barf ni theluji. Barafu wao huiita yakh. Waswahili, watu wa pwani yenye joto, waliyapokea maneno hayo mawili na kila moja wakalipa kazi yake. Mwaka 1848 mmisionari Rebmann alipouona weupe wa Kilimanjaro, mwongozaji wake aliuita "baridi" tu. Yeye hakuwa na neno. Sisi tunayo mawili, nasi twataka kutupa moja!

Philip Boit aliposhindana kwa skii huko Nagano mwaka 1998, katika mbio za kilometa 10, mshindi Bjørn Dæhlie alimngoja mstarini ili amkumbatie. Hadi leo nawasikia watu wakisema Boit aliteleza kwenye barafu. La hasha. Barafuni huteleza wavaao viatu vyenye vyuma, na huo ni mchezo mwingine kabisa.

Lakini hoja yangu kubwa iko hapa kwetu. Kwenye Mlima Kenya theluji huweza kuanguka usiku ikayeyuka kabla ya adhuhuri. Kinachokwisha ni barafu iliyojilimbikiza kwa karne nyingi: ile ya Gregory imekwisha kutoweka, na ya Lewis imebaki vipande. Mwanafunzi aliyefunzwa kwamba vitu hivi ni kimoja, auonapo mlima umekuwa mweupe baada ya usiku wa mvua, atadhani kilichopotea kimerudi.

Watakuwapo watakaoniambia kwamba hilo ni la mwalimu wa jiografia. Naam, ila katika shule zetu za upili mwalimu wa jiografia hufundisha kwa Kiingereza.