Mto Uliolala Chini ya Mchanga

Watu wakitaja maajabu ya mito huanza na Naili kwa urefu wake, au na Kongo, ambao mahali pengine kilindi chake chapita mita 200. Leo tuutazame mto wetu wenyewe, Simiyu, uliolipa mkoa wetu jina ulipoanzishwa mwaka 2012.

Mgeni apitaye darajani mwezi wa Agosti husema, “Huu si mto, ni barabara ya mchanga.” Ng'ombe huvuka bila kulowesha kwato. Lakini mtazame mama afikaye na ndoo na kata. Hupiga magoti, hufukua, hungoja kidogo, na maji huchuruzika shimoni, tena ya baridi. Je, yametoka wapi?

Sababu yake ni hii. Mvua zinyeshapo, Simiyu hushuka kwa nguvu kutoka upande wa Serengeti na kuingia Ziwa Victoria, huko Magu. Njiani mchanga hunywa sehemu ya maji hayo. Jaribu nyumbani pamoja na watoto: jaza kopo mchanga mkavu wa mtoni, kisha mimina maji polepole. Utadhani kopo limejaa, kumbe karibu theluthi yake ni nafasi kati ya chembe, na maji yataingia humo. Jua hukausha mchanga wa juu, lakini maji yaliyo chini zaidi haliyapati kwa urahisi. Hata tembo walijua jambo hili kabla yetu, nao hufukua mito mikavu ili wanywe.

Zamani mto huu ulipata sifa kubwa. Mwaka 1875, Stanley alipolizunguka Ziwa kwa mashua yake Lady Alice, aliuona mdomo wa Simiyu, akaamini kwamba huu ndio mwanzo wa Naili ulio kusini kuliko yote. Alikosea. Chemchemi ya kusini zaidi iko Burundi, nayo ilitambuliwa na Burkhart Waldecker mwaka 1937.

Mito ya namna hii iko kwingine pia. Huko Alice Springs, Australia, watu hushindana kwa mashua katika mto Todd usio na maji! Tangu mwaka 1962 washindani huingia ndani ya mashua zisizo na sakafu, wakazishika na kukimbia nazo mchangani. Mwaka 1993 mashindano yalifutwa, kwa sababu mto ulikuwa na maji.

Jirani zetu wa Kitui na Machakos, nchini Kenya, wamefanya jambo la faida zaidi. Hujenga kuta imara kukatiza mito ya msimu. Mafuriko huleta mchanga ukajaa nyuma ya ukuta, na maji hukaa ndani ya mchanga huo miezi ya kiangazi.

Basi tufikiri pamoja. Wenzetu hujenga ukuta ili wapate mchanga. Sisi twaupakia katika malori na kuuuza. Ajengaye nyumba ahitaji mchanga, sikatai. Lakini kila lori liondokapo, limebeba sehemu ya ghala letu la maji. Tukichota mpaka mwamba uonekane, mama yule atafukua nini mwezi wa Septemba? Itambidi aende mbali zaidi, na binti yake atachelewa shule.

Yafaa mkutano wa kijiji uketi mapema, kabla ya kiangazi, uamue mahali pa kuchimba mchanga wa kujengea na mahali pasipoguswa kamwe. Mifugo nayo inyweshwe mbali na vishimo vya watu, na maji ya kunywa yachemshwe, hata yakionekana safi.

Ndugu msomaji, utakapopita tena darajani wakati wa kiangazi, usiseme mto umekufa. Maji yamo chini ya mchanga, nayo yatakuwamo maadamu mchanga umebaki.