Ankara zisipangwe kwa kubahatisha

Mfanyabiashara mwenzangu, ukienda steshenari kuchapisha ankara ya mahindi, tazama vidole vya mchapaji. Wengi wanasogeza tarakimu kwa kubonyeza kitufe cha nafasi mara kumi, mara kumi na tano, wakikisia kwa macho. Faili likifunguliwa kwenye kompyuta nyingine yenye mwandiko tofauti, sifuri za 45,000 zinasimama chini ya tarakimu zisizo zake. Anayejumlisha harakaharaka anakosea, na ugomvi wa malipo unaanza hapo.

Kwenye taipureta kila herufi ilichukua upana uleule, hivyo kuhesabu nafasi kulifaa. Times New Roman si hivyo: 'i' ni nyembamba, 'm' ni nene.

Kitufe cha Tab kipo, tena bure. Kwenye Word, chagua mistari yote, bofya alama iliyo mwisho wa kushoto wa rula mpaka ije tab ya kulia, kisha bofya kwenye rula pale bei zinapotakiwa kuishia. Mamoja yatakaa chini ya mamoja. Wenye senti watumie tab ya desimali.

Mimi karatasi iliyopangwa kwa nafasi siilipii. Inarudi, ichapwe upya.